Oili Si Oili: Acheni Kuua Difu kwa Kauli ya "Tumalize Msimu Kwanza"



Kuna kauli moja inayoharibu mazao hapa Kilosa baada ya kuvunwa, na haina dawa ya kupulizia. Kauli yenyewe ni hii: "Tumalize msimu kwanza." Dereva anamwambia tajiri kwamba difu ya nyuma inalia. Tajiri anajibu: tumalize msimu kwanza. Fundi anasema oili imebadilika rangi. Jibu ni lile lile. Kisha gari linakatika difu kati ya Ulaya na Mikumi, limejaa nyanya, na msimu unamalizika siku hiyo hiyo. Unamalizika kwa tajiri, na unamalizika kwa wakulima kumi ambao nyanya zao zinaivia juu ya bodi.

Najua wapo watakaouliza: bwana shamba na difu wapi na wapi? Nawajibu hivi. Kazi ya ugani haiishii kwenye mbegu na mbolea. Tenga la nyanya lililolala siku tatu kwenye gari bovu ni hasara sawa na tenga lililoliwa na wadudu. Treni ya SGR inasimama Kilosa, lakini haipandi Lumuma kufuata vitunguu wala haiingii Tindiga kufuata mpunga. Kazi hiyo bado ni ya Land Cruiser, Land Rover na Hilux zetu. Na kila gari la foo-wili lina difu mbili, ya nyuma na ya mbele. Ukisikia mtu anajisifu kwamba amebadilisha oili ya difu, muulize: zote mbili?

Msimamo wangu nausema wazi mapema. Tajiri anayenunua redio mpya ya gari na kupaka maandishi kwenye bampa, huku akikataa kununua lita sita za oili, anacheza na mali ya watu. Na mkulima anayepakia bila kuuliza anamsaidia kucheza.

DIFU INAFANYA KAZI GANI

Nguvu ya injini inapita kwenye giaboksi, inaingia kwenye propela shafti, inafika kwenye lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ndani ya bonge hilo kuna gia ndogo inayosukuma gia kubwa ya mviringo. Mafundi wanaziita pinioni na krauni. Hapo ndipo mzunguko unapogeuzwa kona kwenda magurudumuni, na ndipo gurudumu la kulia linaporuhusiwa kuzunguka tofauti na la kushoto gari likikata kona.

Sasa sikiliza jambo ambalo kijiweni hawasemi. Katika difu nyingi za siku hizi pinioni haikukaa sawa na katikati ya krauni; imesogezwa pembeni. Kwa sababu hiyo meno yake hayabingiriki tu kwenye meno ya krauni, yanateleza huku yamebanwa kwa nguvu kubwa sana. Mbano huo unaweza kuifukuza oili ya kawaida kabisa kati ya jino na jino. Chuma kinabaki kinasaga chuma.

Ndiyo maana oili ya difu inatiwa dawa maalumu zenye salfa na fosforasi. Meno yakipata joto la msuguano, dawa hizo zinajenga utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaoliwa badala ya jino. Ile harufu kali unayoisikia ukifungua dumu jipya ni ya salfa. Usiikimbie. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ulicholipia.

UONGO WA KWANZA: "OILI NI OILI"

Huu ndio unaoua difu nyingi. Mtu anamwaga oili ya injini, anaiona bado inateleza mkononi, anasema isipotee bure, anaitia kwenye difu. Oili hiyo imebeba masizi, vumbi la chuma na mabaki ya dizeli, na haina ile dawa ya meno. Umeosha vyombo kwa maji ya mferejini.

Mwingine ni mjanja kidogo. Ananunua oili mpya ya injini namba 40, analinganisha na oili ya gia namba 90, anasema 90 ni nzito mara mbili, basi ngoja nitie hii nyepesi mara mbili. Namba hizo ni za mizani mbili tofauti. Gari likiwa na joto la kazi, oili ya gia namba 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini namba 40 au 50. Tofauti kubwa haiko kwenye uzito, iko kwenye dawa.

Kwa hiyo ukifika dukani soma vitu viwili kwenye dumu. Cha kwanza ni daraja: kwa difu nyingi za magari haya tafuta GL-5. Cha pili ni uzito: 80W-90 au 85W-90 ndio unaotajwa kwenye vitabu vya magari mengi ya namna hii. Kitabu cha gari lako kikisema vinginevyo, fuata kitabu, usinifuate mimi. Na karibu na tundu la kujazia kukiwa na kibandiko kilichoandikwa LSD, hiyo ni difu yenye sahani za kubana ndani yake, na inataka oili iliyoandikwa LSD pia.

Lakini usichukue dumu hilo la GL-5 ukalimalizia kwenye giaboksi. Giaboksi nyingi zinataka GL-4, kwa sababu ndani yake zina pete za madini ya shaba, na dawa nyingi ya GL-5 inaweza kuzidhuru pete hizo. Anayekwambia dumu moja linatosha gari zima anaokoa safari yake ya dukani, haokoi gari lako.

UONGO WA PILI: "HAIVUJI, USIIGUSE"

Hoja yao ni kwamba difu haichomi mafuta kama injini, basi oili yake haiishi. Ni kweli haichomi. Lakini inachoka. Dawa yake inatumika, joto la mzigo linaibadilisha, na kila chembe ya chuma inayobanduka kwenye meno inabaki humo humo, maana difu haina filta. Chembe hizo zinazungushwa pamoja na oili na kuingia kwenye beringi.

Vitabu vya magari mengi ya aina hii vinataja kubadilisha kila kilomita 40,000 kwa kazi ya kawaida, na kila 20,000 kwa kazi ngumu. Sasa jiulize: tani moja ya vitunguu kutoka Malolo, vumbi la Septemba, tope la Aprili, na mito isiyo na daraja, hiyo ni kazi ya kawaida? Sisi wote ni watu wa 20,000. Na aliyevuka maji asisubiri hata kilomita hizo.

Wapo wazee wanaosema Land Rover za zamani zilitiwa chochote na zikatembea. Hoja hii nitaiheshimu, maana ina nusu ya ukweli. Land Rover nyingi za zamani zilikuwa na difu ambayo pinioni yake imekaa sawa na katikati ya krauni. Meno yake yanateleza kidogo kuliko haya ya sasa, kwa hiyo yalivumilia mengi. Lakini hata enzi hizo zile ndefu za mizigo zilifungwa difu ya nyuma ya aina nyingine, iliyotaka oili yake kamili. Uvumilivu wa difu ya babu usiufanye sheria ya Land Cruiser yako.

UONGO WA TATU: "NZITO NDIYO DAWA"

Difu ikianza kulia, ushauri wa haraka ni kutia namba 140 tupu, au kuchanganya na grisi. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanatia unga wa mbao au maganda ya ndizi ili kelele ipungue, kisha gari linauzwa wiki hiyo hiyo. Ukinunua gari la mkononi, mwaga oili ya difu kabla ya kumaliza kulipa. Difu itakwambia ukweli ambao muuzaji amekuficha.

Oili nzito kupita kiasi ni ngumu kuamka asubuhi, hasa huko juu kwenye milima ya Rubeho. Inachelewa kuifikia beringi ya pinioni, na inakula nguvu ya gari bure. Kama kitabu kinaruhusu 85W-140 kwa mizigo mizito na joto, itumie. Lakini kama difu inalia, oili nzito haioteshi jino lililolika. Inafunika kilio tu, na mgonjwa anaendelea kufa kimya kimya.

MASIKA NA MAJI

Hapa ndipo Kilosa inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwingine. Wilaya yetu ni ya mito. Hakuna asiyekumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ilipovunja kingo, ikaondoa maelfu ya watu majumbani na kung'oa reli ya kati. Hata mwaka wa mvua za kawaida, barabara zetu za vijijini zinakatishwa na korongo na vijito ambavyo gari linaingia hadi maji yanafunika ekseli.

Fikiria difu iliyotembea na mzigo saa mbili. Ina joto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ghafla inazamishwa kwenye maji baridi. Hewa ile inasinyaa na kuanza kuvuta. Difu ina kipumulio kidogo juu ya ekseli kwa ajili ya kazi hiyo, lakini kikiwa kimezibwa na tope, au kikiwa ndani ya maji, kitakachovutwa ni maji, kupitia hapo hapo au kupitia sili zilizochakaa. Ukitoka ng'ambo ya pili gari linatembea vizuri tu. Ndiyo hatari yake. Oili inakorogwa na maji, inakuwa rangi ya chai ya maziwa, inapoteza utando, na kutu inaanza kwenye beringi. Difu haifi siku ya mto, inakufa wiki kadhaa baadaye, na wewe unamlaumu fundi.

Kwa hiyo ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, fanya hivi. Laza gari usiku kwenye sehemu tambarare. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legeza bolti ya chini ya difu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yanakuwa yamekaa chini. Kama yaliingia mengi, yatatangulia kutoka. Ukiona maji, au oili ya rangi ya maziwa, mwaga yote siku hiyo. Usiseme tumalize msimu.

Tena msaidie kipumulio. Kisafishe kabla ya masika. Kama gari lako halina mpira wa kukipandisha, fundi anaweza kuunganisha mpira wa oili na kuupeleka juu, usawa wa bodi au boneti. Ni kazi ndogo kwa gharama ndogo, na inaokoa difu nzima.

NAMNA YA KUBADILISHA

1. Tembeza gari kidogo ili oili ipate joto na kutiririka, kisha liegeshe mahali tambarare. Weka kuni au mawe kwenye magurudumu. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

2. Safisha udongo kuzunguka bolti zote mbili. Anza kufungua ya juu, ya kujazia. Hili usilisahau. Ukimwaga kwanza kisha ya juu ikagoma, umebaki na gari lisilo na oili na lisiloweza kutiwa oili.

3. Fungua ya chini, kinga kwa beseni safi. Beseni liwe safi kwa sababu unataka kuisoma oili, si kuitupa tu.

4. Isome. Nyeusi lakini laini: imechoka, umechelewa kidogo. Rangi ya maziwa: maji. Inametameta kama rangi ya fedha: beringi au meno yanalika. Gari nyingi zina sumaku kwenye bolti ya chini. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Hapo usifunge ukaondoka, muite fundi afungue difu.

5. Kama kulikuwa na maji, tia lita moja ya oili mpya ya gia, tembeza gari polepole mwendo mfupi bila mzigo, kisha imwage nayo. Usisuuze kwa petroli wala mafuta ya taa, yanabaki kwenye beringi na kuiharibu oili mpya.

6. Badilisha washa za bolti, funga ya chini, jaza kwa pampu au mpira hadi oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu la juu. Subiri kidogo, ongeza, funga. Usijaze gari likiwa limeinama kwa jeki. Ikizidi inafanya povu na kusukuma sili nje.

7. Rudia kwa difu ya mbele. Na transfa nayo ina oili yake, ikague siku hiyo hiyo.

Difu mbili za pikapu nyingi za aina hii zinameza lita sita au pungufu, na chache zinazidi kidogo. Uliza bei ya lita hizo dukani, halafu uliza bei ya krauni na pinioni, hata za mtumba, ongeza beringi, fundi na siku ambazo gari litalala. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, kwa bei za leo. Ukiimaliza hutanihitaji.

Unaponunua, achana na oili ya kupimiwa kwenye ndoo. Chukua dumu lenye kifuniko kisichoguswa na alama ya TBS, dai risiti ya EFD. Ukikuta bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Na oili chafu usiimwage mtaroni. Mkondoa inaenda kuingia Wami, na njiani kuna wanaoteka, wanaonywesha ng'ombe na wanaomwagilia mboga ambazo wewe na mimi tunakula. Itie kwenye dumu, ipeleke gereji inayokusanya.

LAMI YA MIKUMI

Jambo moja la madereva. Umetoka kwenye tope na gia ya foo-wili, umefika Mikumi, umeshika lami ya barabara kuu kuelekea Morogoro. Kama gari lako ni la kuunganisha foo-wili kwa mkono, toa gia hiyo hapo hapo. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali sawa. Kwenye tope yanateleza na kupata nafuu. Kwenye lami kavu hayana pa kutelezea, na ubishi wao wote unaishia kwenye transfa na difu. Kama ni gari lenye foo-wili muda wote, hakikisha umeondoa loki ya katikati. Kuna madereva wanaopita hifadhi nzima ya Mikumi wamesahau, kisha wanashangaa difu ina joto la kukaanga yai.

KWA MKULIMA ASIYE NA GARI

Usidhani makala hii haikuhusu. Wewe ndiye mwenye mzigo, na mzigo ndio unaomlipa tajiri. Unapokodi gari, unauliza bei ya gunia tu. Kuanzia leo ongeza maswali matatu: Oili ya difu ilibadilishwa lini? Ya mbele nayo? Gari lilivuka maji lini mara ya mwisho? Asiyejua majibu hajali gari lake, na hatajali vitunguu vyako.

Kama mko kwenye kikundi au AMCOS, mna nguvu zaidi. Mpeni mzigo mwenye gari lenye daftari la matengenezo: tarehe, kilomita, aina ya oili. Daftari la shule linatosha. Matajiri wawili watakasirika, wa tatu atanunua daftari, na msimu unaofuata wale wawili watamfuata.

Nawe tajiri, usinielewe vibaya. Sikuombi uwe na gari jipya, wala sisemi faida yako ni kubwa. Nasema tu kwamba dereva wako akikuambia difu inalia, amekupa taarifa ya bei nafuu kuliko zote utakazopata mwaka huu. Badilisha oili ya difu kabla ya masika, ikague kila baada ya maji, ibadilishe tena masika yakiisha ukiona imeguswa. Msimu haumalizwi kwa kuahirisha. Unamalizwa na gari linalofika sokoni.